Sauti ya Pili Ilipoondoka: Mapitio ya Albamu ya Sound of Lies ya The Jayhawks

Albamu hii niliinunua Arusha, kwenye meza ya mchuuzi wa mitumba aliyepanga vitabu, kaseti na CD kando ya njia inayoingia soko la Kilombero, asubuhi ya Jumamosi moja ya mwezi Juni ambapo baridi ilikuwa kali na Mlima Meru ulikuwa umefunikwa na mawingu mpaka chini. Aliitaka shilingi 3,000, nami nikailipia 2,500 kwa sababu kasha lilikuwa limepasuka kwenye kona na CD yenyewe ilikuwa na mikwaruzo miwili mirefu. Mchuuzi hakujua ni muziki gani. Alisema tu kwamba ilikuja katika boksi moja na vitabu vya Kiingereza vya mtu aliyehama, na kwamba ikigoma kupiga niirudishe.

Ni Sound of Lies ya bendi ya Kimarekani ya kantri mbadala iitwayo The Jayhawks, iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni ya American Recordings, ikiwa na nyimbo 12. Bendi yenyewe nilikuwa naifahamu kwa albamu zake mbili zilizotangulia, na hii nilikuwa nimeikwepa kwa miaka mingi kwa sababu moja: ni ya kwanza kurekodiwa bila Mark Olson, mmoja wa watunzi wawili walioibeba bendi tangu mwanzo. Nilijiaminisha kwamba nitasikia bendi iliyobaki nusu, na sikutaka kuisikia. Sasa nimeisikiliza kwa miezi minne, mara nyingi usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi, na naandika kwa sababu nilikosea, na ningependa msomaji mwingine asipoteze miaka kama nilivyoipoteza mimi.

Kantri si muziki mgeni katika nyumba za huku kaskazini. Baba yangu mdogo, aliyeendesha malori kwa miaka mingi, alikuwa na kaseti za Jim Reeves na Don Williams alizozihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga ili vumbi lisiziguse, na mimi nilijifunza Kiingereza changu cha kwanza kwa kufuatisha maneno ya Jim Reeves, ambaye hutamka kila neno kana kwamba anamwelekeza mgeni njia. Kinachoitwa kantri mbadala ni mtoto wa muziki huo aliyelelewa mtaa mwingine. Kuanzia miaka ya 1980, vijana wa Marekani waliokulia kwenye roki na panki walirudi kuzichimba nyimbo za zamani za vijijini na kuzipiga kwa magita yenye mkwaruzo. Bendi inayotajwa zaidi kuwa chimbuko ni Uncle Tupelo ya Belleville, jimbo la Illinois, ambayo albamu yake ya kwanza ya mwaka 1990, No Depression, ndiyo iliyolipa jina jarida la aina hiyo ya muziki lililoanza mwaka 1995. Anayempenda Jim Reeves atashtuka kidogo kwa kelele za gita, lakini huzuni ataitambua mara moja.

The Jayhawks walianza Minneapolis, jimbo la Minnesota, mwaka 1985. Olson na Gary Louris walitunga, wakaimba na kupiga magita, na Marc Perlman akapiga besi, kazi ambayo ameendelea nayo katika kila albamu ya bendi hiyo. Albamu iliyowatambulisha kwa watu wengi ni Hollywood Town Hall ya mwaka 1992, ambayo jalada lake linawaonyesha wamekaa kwenye kochi katikati ya theluji. Hollywood hiyo si ile ya sinema, ni eneo la mashamba huko huko Minnesota. Ikafuata Tomorrow the Green Grass mwaka 1995, yenye wimbo Blue unaoifungua, ambao hadi leo ndio wimbo wao ninaowapigia wageni wanaotaka kujua naongelea nini.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la uimbaji, kwa sababu mapitio yote yanasimama juu yake. Mimi ni teno katika kwaya ya usharika wetu, na katika kwaya nyingi ninazozijua kazi ya sauti ya pili ni kusindikiza: wa kwanza anabeba wimbo, wa pili anamfuata chini yake, na kiitikio kikifika wote wanakutana. Louris na Olson hawakuimba hivyo. Waliingia pamoja kwenye neno la kwanza la ubeti na kwenda pamoja mpaka la mwisho, Louris akiwa juu kwa sauti nyembamba, Olson akiwa chini kwa sauti nzito kidogo yenye chembechembe za mchanga, na msikilizaji akiulizwa ni ipi kati ya hizo iliyo wimbo wenyewe na ipi ni ya kusindikiza, atababaika. Ukiondoa moja, iliyobaki haielekei kuwa wimbo kamili, na ndiyo maana niliiogopa albamu hii kiasi kile.

Olson aliondoka mwaka 1995, miezi michache baada ya albamu yao kutoka. Mke wake, Victoria Williams, naye mwanamuziki na mtunzi, alikuwa amepatikana na ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaomdhoofisha mtu taratibu, na bendi yenyewe ilikuwa imeshiriki kwa wimbo mmoja katika albamu ya mwaka 1993 iliyokusudiwa kumsaidia kulipa gharama za matibabu. Wawili hao walihamia Joshua Tree, katika jangwa la California, wakawa wanarekodi muziki mdogo mdogo nyumbani chini ya jina la Creekdippers. Ninaeleza haya kwa kirefu kwa sababu namna mtu anavyoondoka huamua mengi kuhusu kitakachobaki nyuma yake.

Wapenzi wa dansi wa hapa kwetu wanalijua hilo kuliko wapenzi wa kantri. Historia ya muziki wetu ni historia ya watu kuhama bendi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliiacha Jamhuri Jazz wakaja hapa hapa Arusha na kuanzisha Arusha Jazz, kisha mwaka 1971 wakavuka mpaka na kuzaliwa kwa Simba Wanyika nchini Kenya kukafuata. Mwaka 1978 Simba Wanyika nayo ikapata pigo pale mpiga rithimu wake, Omar Shabani, alipoondoka na wenzake na kuunda Les Wanyika. Mbaraka Mwinshehe aliihama Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuanzisha Super Volcano. Katika visa vya namna hii mara nyingi aliyehama alifungua duka jirani na lile aliloliacha. Bendi mbili ziligombania mashabiki wale wale, na kila moja ilikuwa na sababu ya kupiga vizuri zaidi Jumamosi inayofuata, kwa kuwa mwenzake alikuwa anasikika ukumbi wa pili.

Uncle Tupelo walivunjika kwa mtindo huo huo wa kwetu. Jay Farrar aliondoka mwaka 1994, waliobaki na Jeff Tweedy wakabadilisha jina na kuwa Wilco, Farrar akaanzisha Son Volt, na bendi zote mbili zikatoa albamu zao za kwanza mwaka 1995, kana kwamba wamepanga siku ya mechi. Olson hakumwachia Louris mshindani wa namna hiyo. Alikwenda jangwani kukaa na mke mgonjwa na kupiga gita barazani. Hapakuwa na ukumbi wa pili, wala mtu wa kumchukia, maana nani angemchukia mtu kwa sababu hiyo? Louris, Perlman na wenzao walibaki na jina lile lile na kimya upande wa kushoto wa jukwaa. Nadhani kimya hicho ndicho kilichoitengeneza Sound of Lies kuwa jinsi ilivyo.

Nieleze sasa jaribio lililonibadilisha mawazo. Katika kwaya yetu kuna mama mmoja wa sauti ya alto, tunamwita Mama Neema, mwenye sikio ambalo sijaona mfano wake: mpigie wimbo wowote ambao hajawahi kuusikia, ukifika ubeti wa pili ameshapata njia yake na anaimba. Siku moja baada ya mazoezi nilimwomba abaki, nikachomeka spika kwenye deki la ofisi ya kwaya, nikampigia Blue. Ilimchukua nusu dakika. Aliikuta njia ya tatu katikati ya sauti mbili za wale wanaume, akapita humo mpaka mwisho akiwa amefumba macho, bila kujua maana ya robo ya maneno yale. Kisha nikaweka Sound of Lies na kumwomba afanye vivyo hivyo, aimbe ile sauti ambayo Olson angeiimba kama angekuwepo.

Wimbo wa kwanza, The Man Who Loved Life, unaanza chini, unapanda hatua kwa hatua, na mwisho unafurika. Mama Neema alijaribu kuingia mara tatu. Mara ya tatu alinyanyua mkono kuniashiria nisimamishe, akasema, "Mwalimu, hapa mimi sina pa kukanyaga."

Nilirudisha nyuma tukasikiliza tena, safari hii tukifuatilia tuni peke yake, na tukaona anachokisema. Tuni inayokusudiwa kuimbwa na watu wawili haina budi kutembea hatua fupi fupi, kama watu wawili waliobeba ngazi. Mmoja akiruka, mwenzake anaanguka. Nyimbo za zamani za The Jayhawks zilitembea hivyo. Katika albamu hii Louris anaruka. Anaanza ubeti karibu na mazungumzo ya kawaida, halafu kwa pumzi moja yuko juu kabisa kwenye ncha ya sauti yake, anakaa huko, anateremka kwa njia nyingine. Hakuna mtu angeweza kumfuata, na hakuna aliyetarajiwa kumfuata. Nilikuwa nimesubiri kusikia nyimbo za watu wawili zikiimbwa na mmoja. Nilichokikuta ni nyimbo zilizotungwa upya kabisa na mtu aliyekwisha kukubali kwamba anaimba peke yake.

Niseme kwamba jambo hili limenigusa zaidi ya mambo ya bendi za Marekani. Teno wa pili wa kwaya yetu alihamishiwa Dodoma kikazi miaka miwili iliyopita, na kwa miezi mingi tulijaribu kumweka kijana mwingine mahali pake, kijana mwenye sauti nzuri tu, na kila wimbo ulisikika kama shati lililoshonewa mtu mwingine. Tulipata nafuu pale mwalimu wa kwaya alipoacha kumtafuta mrithi na kuanza kuzipanga nyimbo upya kwa sauti zilizokuwepo. Nilipomsikia Mama Neema akisema hana pa kukanyaga, nilikumbuka miezi ile.

Waliozijaza nafasi kwenye albamu hii ni wale waliokuwa wamesimama nyuma. Piano ya Karen Grotberg, ambayo katika Tomorrow the Green Grass ilikuwa kama taa ya pembeni, sasa inashika nguzo za nyumba. Wimbo wa mwisho, ambao ndio ulioipa albamu jina, umejengwa juu ya piano kiasi kwamba ukiitoa hakibaki kitu. Fidla ya Jessy Greene inaingia pale ambapo zamani ungesikia sauti ya mtu, na haiigi sauti hiyo. Inalia kwa namna yake. Mpiga dramu Tim O'Reagan, aliyejiunga mwaka ule ule Olson alipoondoka, ameandika na kuuimba wimbo wa 11, Bottomless Cup, kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Kuuweka wimbo huo mwishoni namna ile ni uamuzi wa busara, kwa sababu baada ya nyimbo kumi za Louris sikio limechoka na urefu wa sauti yake, na sauti mpya inapoingia unahisi kana kwamba mtu amefungua dirisha. Gita la pili lipo mikononi mwa Kraig Johnson, na kwa kuwa sasa wapiga magita ni wawili wanaotoka kwenye roki, Louris mwenyewe anapiga kwa mkwaruzo na hasira ambazo hakuwahi kuzionyesha alipokuwa na mwenzake wa kumheshimu.

Hasira hiyo inasikika zaidi kwenye Think About It na kwenye Big Star. Wimbo huu wa pili ni wa kelele na unamhusu mwanamuziki anayeendelea kujiahidi umaarufu wakati dalili zote zinamkatalia. Niliposikia mara ya kwanza niliuona ni wa kuchangamsha tu, na mara ya sita au ya saba nikaanza kumwonea huruma anayeimba. Upande wa pili kuna Trouble na Stick in the Mud, nyimbo za taratibu ambazo zinanikumbusha saa za usiku ambapo mtu anahesabu makosa yake. Louris alikuwa pia anapitia kuvunjika kwa ndoa yake katika kipindi hicho, na sijui albamu nyingine ya kantri mbadala inayoeleza upweke wa nyumba kwa ukweli kama huu bila kujihurumia. Katika albamu za zamani kulikuwa na mashamba, barabara, watu wa vijijini, na hayo mengi nayaweka kwenye akaunti ya Olson, kwa maana yamejaa pia kwenye kazi zake za baadaye. Hapa mashamba yamekwisha. Kuna chumba kimoja na mtu mmoja ndani yake.

It's Up to You ndio wimbo unaokaribia zaidi bendi ya zamani, na kwa sababu hiyo ndio unaoumiza zaidi. Kuna sauti za pili kwenye kiitikio, zimeimbwa vizuri na kwa usawa, lakini ni sauti za kusindikiza kama za kwaya yoyote: zinangoja kiitikio, zinafanya kazi yao, zinaondoka. Mama Neema aliuimba huo bila shida. Alipomaliza aliniuliza yule mwingine yuko wapi, yule wa wimbo wa kwanza niliompigia. Nikamweleza habari za mke, ugonjwa na jangwa. Alinyamaza kidogo, akasema alifanya vyema kwenda.

Kasoro zipo na sitazificha. Albamu ni ndefu kuliko inavyostahili, na katikati yake, kuanzia Poor Little Fish hadi Sixteen Down, inayumba. Wimbo wa kwanza kati ya hiyo miwili ni wa kupendeza, una mapambo mengi ya sauti, lakini unakaa kama mgeni aliyevaa rangi za harusi msibani, na wa pili ni mzito bila kuwa na tuni ya kuubeba uzito huo. Utayarishaji, uliofanywa na Brian Paulson pamoja na bendi yenyewe, umeacha baadhi ya sehemu zikiwa na ukungu, hasa pale magita mawili na piano vinapogombania nafasi moja. Nyimbo nyingi ni za Louris, na mtunzi mmoja akibeba mzigo wa watu wawili, hata akiwa hodari namna gani, kuna mahali magoti yatatetemeka. Kwenye nakala yangu wimbo wa tisa, Haywire, unakwama kwa sababu ya ule mkwaruzo, na ilinibidi niununulie bando ili niusikie wote kwa simu. Hilo si kosa la bendi wala la mchuuzi, aliyenionyesha mikwaruzo kabla sijatoa hela.

Ili kupima albamu hii kwa haki nilizisikiliza pia zilizofuata. Smile ya mwaka 2000 ilitayarishwa na Bob Ezrin, mtu aliyefanya kazi na Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, na inasikika hivyo: kila kitu kimeng'arishwa, dramu za mashine zinaingia humu na humu, na bendi inakimbia kadiri inavyoweza kutoka kwenye kantri. Ina nyimbo tamu, lakini nahisi ndani yake juhudi ya kutaka kupendwa ambayo Sound of Lies haikuwa nayo. Rainy Day Music ya mwaka 2003, chini ya mtayarishaji Ethan Johns, inarudi kwenye magita makavu na sauti za pamoja, na wengi wangeichagua kuwa bora ya kipindi cha Louris. Ninaelewa kwa nini. Ni albamu ya watu waliopona, nyepesi kusikiliza hata mbele ya wageni, na sauti zake za pamoja ni za watu watatu au wanne walioketi meza moja. Mimi bado nairudia ile ya 1997, kwa sababu kidonda kilikuwa wazi na hakuna aliyejaribu kukifunika kwa kitambaa kizuri.

Halafu Olson alirudi. Mwaka 2011 bendi ilitoa Mockingbird Time ikiwa na watunzi wote wawili, na niliitafuta kwa shauku ambayo nashindwa kuieleza. Sauti mbili zipo. Zinaingia pamoja kwenye neno la kwanza kama zamani. Lakini nilipoisikiliza baada ya kuizoea Sound of Lies, niligundua kwamba Louris anaimba kama mtu aliyerudi kulala kwenye kitanda cha utotoni: miguu inatokeza. Amejifunza kuruka, na sasa anaombwa tena kubeba ngazi. Olson aliondoka mara ya pili muda mfupi baadaye, na bendi imeendelea bila yeye, ikatoa albamu nyingine, zikiwemo Paging Mr. Proust mwaka 2016 na XOXO mwaka 2020, ambayo ndani yake wanachama wote wamechangia utunzi. Hiyo ya 2020 ninaiona kuwa tunda la mbegu iliyopandwa pale Tim O'Reagan alipopewa wimbo wa 11 mwaka 1997.

Kwa anayetaka kuisikiliza: usianze na hii. Anza na Tomorrow the Green Grass, uisikilize mpaka uweze kuimba sauti ya chini ya Blue bila msaada, kwa sababu asiyejua kilichopotea hatasikia kilichojengwa. Usiisikilize kwa spika ya simu, maana besi ya Perlman inapotea na pamoja nayo inapotea nusu ya huzuni; spika ndogo ya mezani inatosha, na usiku ni bora kuliko mchana. Anayependa kantri ya Jim Reeves kwa utulivu wake na hataki kelele za gita aruke wimbo wa pili na wa sita, aende moja kwa moja kwenye Trouble na wimbo wa mwisho. Kwa wapenzi wa dansi wanaofuatilia nani alihama bendi gani na mwaka gani, hii itawapa mjadala wa jioni nzima. Nakala za CD ni za kubahatisha mjini hapa, lakini kwenye huduma za muziki za intaneti ipo nzima, na ukiwa na bando la kawaida utaipata yote kwa jioni moja.

Nakala yangu haiko nyumbani kwa sasa. Mama Neema aliiomba wiki iliyopita, pamoja na mikwaruzo yake, akasema kuna mahali kwenye wimbo wa mwisho, baada ya fidla, anadhani ameiona nafasi.